Kabla Hujamgeukia Mwamuzi

Jumapili, saa nne asubuhi, jua la Dar es Salaam limeshaanza kuchoma. Umesimama mbele ya vijiti vyako, mpira umekupiga kwenye pedi, na watu kumi na mmoja wameruka kwa pamoja na ule ukelele wao: "Hauzat!" Mtu mwenye koti jeupe anafikiri kidogo, anameza mate, kisha anainua kidole. Wewe unajua, tena kwa uhakika wa mtu aliyedhulumiwa, kwamba mpira ulilamba gongo kabla ya kugusa pedi. (Gongo la mti, tuelewane.)

Mwongozo huu ni wa zile sekunde kumi zinazofuata, pamoja na mambo mengine machache yanayoharibu Jumapili za watu. Nimecheza kriketi ya klabu miaka mingi kuliko kipaji changu kilivyoruhusu, na hilo koti jeupe nimelivaa mara nyingi kuliko nilivyopenda. Ninayoyasema hapa mengi nimejifunza kwa kukosea mwenyewe.

Nani hasa kavaa hilo koti

Kwenye televisheni waamuzi wanalipwa, wana kamera, na wana mwenzao chumbani wa kurudisha picha nyuma. Kwenye ligi ya klabu, hasa madaraja ya chini, mwenye koti mara nyingi ni mchezaji wa timu inayopiga: yule anayesubiri zamu yake ya nane, au aliyetolewa ova tano zilizopita na bado hasira hazijamwisha. Kwa hiyo aliyekunyooshea kidole huenda ni mwenzako wa timu. Huenda ndiye uliyempa lifti asubuhi. Amekutoa wewe, rafiki yake, mbele ya wapinzani, na hajalipwa hata nauli.

Lipime hilo kabla hujafungua mdomo. Ligi nzima imesimama juu ya mtu mmoja kukubali kumtoa rafiki yake. Ukimtukana leo, Jumapili ijayo hatainua kidole tena, hata mpira ukikugonga gotini mbele ya kijiti cha kati. Wapinzani wakiliona hilo, waamuzi wao nao watageuka vipofu. Niliwahi kucheza msimu ambao timu mbili zilikutana mara tatu na hakuna mpigaji hata mmoja aliyetolewa kwa mguu mbele ya wiketi. Kila upande ulikuwa unalipiza ya mechi iliyopita. Warushaji wazuri wawili walihama klabu mwaka ule, na sikuwalaumu.

Ukinyooshewa kidole

Toka. Usilitazame gongo kama linalodaiwa ushahidi. Usipapase kiwiko, usimwoneshe mtu alama kwenye ukingo wa mbao, usisimame ukitikisa kichwa kama mzee aliyepokea bili ya umeme. Gongo litie kwapani, tembea. Glovu na helmeti vivue ukishavuka mpaka, kwa sababu kitu kilichoko mkononi mwa mtu mwenye hasira hurushwa, na kikirushwa ndani ya uwanja kimeshakuwa kosa la kisheria.

Ukifika nje usikae na wenzako mara moja. Zunguka uwanja mzima, peke yako. Mzunguko mmoja wa uwanja kama ule wa Gymkhana unatosha kupoza watu wengi. Mimi huhitaji miwili. Ukirudi, mwombe mwenzako koti, mwambie akapumzike. Nimeona hili likifanywa mara chache tu, na kila mara limebadilisha hewa ya mechi nzima.

Kama kweli unataka kujua mwamuzi aliona nini, subiri mechi iishe, chai ipoe, umwendee bila mashahidi. "Kaka, ule mpira ulionaje?" ni swali. "Kaka, pale ulikuwa umesinzia?" ni ugomvi uliovaa alama ya kuuliza. Ukiulizwa swali la kwanza ukiwa wewe ndiye mwamuzi, jibu kwa ukweli: niliona umepiga sehemu fulani, sikusikia gongo. Mara nyingine utasema, "Nilikosea." Hakuna aliyekufa kwa neno hilo.

Halafu kuna suala la kujitoa mwenyewe. Umegusa mpira, kipa wa wiketi kaudaka, mwamuzi hakusikia. Uondoke au ubaki? Sheria haikulazimishi. Machi 18, 2003, siku mbili kabla Kenya ya nahodha Steve Tikolo haijaingia uwanjani Durban kucheza nusu fainali ya Kombe la Dunia na India, kulikuwa na nusu fainali nyingine Port Elizabeth, Australia na Sri Lanka. Adam Gilchrist wa Australia alipiga mpira ukamgonga kwenye pedi na kudakwa. Mwamuzi Rudi Koertzen alitikisa kichwa: hajatoka. Gilchrist akageuka akaondoka zake. Australia walishinda mechi ile, na kombe pia.

Rai yangu ni hii: kwenye nusu fainali ya dunia kila mtu na dhamira yake, lakini kwenye ligi ambayo mwamuzi ni mwenzako, kubaki ukijua umetoka ni kumwachia rafiki yako aonekane mwizi kwa niaba yako. Ondoka.

Ngazi nne ambazo wengi hawazijui

Sheria za kriketi huandikwa na Marylebone Cricket Club ya London, klabu iliyoanzishwa mwaka 1787. Kwa muda mrefu mwamuzi aliyetukanwa alikuwa na njia moja kubwa: kumwambia nahodha, kisha kuandika ripoti. Tangu Oktoba 1, 2017 kuna Sheria ya 42, na hiyo inampa meno uwanjani palepale. Isome na kanuni za ligi yako pembeni, maana ligi huwa zinaongeza mambo yao.

Ngazi ya kwanza ndiyo yetu sisi wa Jumapili: kupinga uamuzi kwa neno au kitendo, lugha chafu, ishara ya matusi, kudai wiketi kupita kiasi, kumsogelea mwamuzi kwa ukali huku ukidai, kupiga vijiti teke au kuharibu kifaa. Mara ya kwanza ni onyo. Lakini onyo hilo ni la timu nzima, tena ni la kwanza na la mwisho. Ukipiga vijiti teke katika ova ya tatu, mwenzako akanung'unika katika ova ya thelathini, wapinzani wanapewa mikimbio 5 ya adhabu. Mechi ngapi umeziona zikiisha kwa tofauti ya mikimbio minne?

Ngazi ya pili haina onyo: kupinga uamuzi kwa ukali zaidi, kumsukuma mchezaji kwa makusudi, kumrushia mtu mpira kwa hatari, tusi zito. Mikimbio 5 papo hapo.

Ya tatu ni kumtisha mwamuzi kwa maneno au ishara, au kutishia kumpiga mtu mwingine yeyote. Hapo, juu ya mikimbio 5, mkosaji anatolewa kwa muda: katika mechi zetu za ova chache, sehemu moja ya tano ya ova za ngwe hiyo. Mechi ya ova 40, unakaa nje ova 8. Ya ova 20, ova 4. Timu inabaki na wachezaji kumi na haruhusiwi mbadala.

Ya nne ni kutishia kumpiga mwamuzi, kumgusa kwa makusudi, au kumpiga mtu yeyote. Unatoka na hurudi, na kama ulikuwa unapiga, daftari linaandika kwamba umestaafu na umetoka. Nahodha akikataa kumwondoa mchezaji wake, waamuzi wanaweza kuwapa ushindi wapinzani. Na kila moja ya ngazi hizi hufuatwa na ripoti kwa klabu na kwa chama kinachosimamia ligi.

Tatizo ni kwamba mwamuzi wa kujitolea hathubutu kuitumia sheria hii. Anaogopa kuonekana ana kisirani. Kwa hiyo ninawaomba manahodha: kabla ya kurusha shilingi, tamkeni wote wawili mbele ya waamuzi kwamba Sheria ya 42 itatumika leo. Ni sentensi moja. Inamwondolea mwenye koti mzigo wa kuwa wa kwanza kuikumbuka.

Zamu yako ya kuvaa koti

Weka vijiwe sita mfukoni, uhamishe kimoja kila mpira unaporushwa kihalali. Usitegemee kichwa, kichwa kitaanza kuwaza foleni ya kurudi nyumbani. Hakikisha mwandishi wa alama amekuona na amekujibu kila unapotoa ishara. Simama pale unapoona mstari na vijiti, kivulini baadaye.

Ukisikia dai la mguu mbele ya wiketi, jiulize kwa mpangilio uleule kila mara: ni nobo? Mpira uligusa chini nje ya kijiti cha upande wa mguu? Kama ndiyo, umekwisha, hajatoka. Uligusa gongo kwanza? Ulimpata wapi, na alikuwa anajaribu kupiga? Ungegonga vijiti? Mwenye maswali matano yaliyopangwa hana nafasi ya kujiuliza mpigaji ni nani. Kama huna hakika, sema hajatoka, kwa sauti, usitazame chini. Na kama una hakika, inua kidole, hata kama ni shemeji yako.

Usimtoe mtu ambaye hakuna aliyemdai. Sheria ya 31 iko wazi: bila dai hakuna kutoka, hata kama umeona wazi. Vilevile usigeuke mwalimu. Mwamuzi anayemshauri mwenzake ashike gongo vipi katikati ya ova ameshaacha kazi yake, na wapinzani wana haki ya kuguna.

Maneno

Viwanja vyetu vina lugha nyingi. Dar es Salaam, kwenye uwanja wa Annadil Burhani, au Nairobi pale Gymkhana na Ruaraka, utasikia Kigujarati, Kihindi, Kiswahili, Kiingereza na Sheng katika ova moja. Ni utajiri, lakini umezaa ujanja mmoja mbaya: kumtukana mpigaji kwa lugha ambayo mwamuzi haijui, kisha kucheka kama watu wanaojadili hali ya hewa. Dawa yake ni rahisi. Mwamuzi akiona mpigaji kabadilika uso na wadakaji wanacheka, amwite nahodha aulize kilichosemwa. Nahodha asiyetaka kutafsiri ameshatafsiri.

Kuna wanaojitetea kwa utani. Mimi ni mtu wa utani. Bila utani, kusimama juani kwa saa tatu ukisubiri mpira usiokuja ni adhabu. Lakini sisi tulioukulia tunajua utani una wenyewe. Mtani wako anakuibia kuku msibani kwenu na hakuna kesi, kwa sababu babu zenu walikubaliana. Mpigaji uliyekutana naye saa mbili asubuhi hajakubaliana na wewe chochote. Mwambie gongo lake lina tundu, mwambie mpira unaitwa mpira. Mama yake, dini yake, rangi yake na kabila lake viache. Klabu zetu nyingi za zamani zilizaliwa ndani ya jamii na madhehebu, kwa hiyo neno la dini uwanjani halibaki kwa mtu mmoja. Linaingia hadi msikitini, hekaluni na kanisani kabla ya Jumatano.

Ramadhani ina adabu yake. Ukiwa na wenzako au wapinzani waliofunga, kunywa maji yako pembeni, na mapumziko yafuate hali ya watu. Na usimfanyie mzaha mrushaji aliyepunguza kasi saa tisa alasiri.

Kuzungumza mrushaji akiwa anakimbia ni suala jingine kabisa. Ukifanya makusudi kumvuruga mpigaji aliye tayari kupokea mpira, si utani tena, ni Sheria ya 41, na bei yake ni mikimbio 5.

Mpigaji mwenza aliyeondoka mapema

Hapa ndipo ngumi nyingi za ligi zinapoanzia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mpigaji wa upande wa mrushaji anaanza kukimbia mpira haujarushwa. Mrushaji anasimama, anaangusha vijiti, anadai. Mwaka 1947, Sydney, Vinoo Mankad wa India alimtoa hivyo Bill Brown wa Australia, na tangu hapo jina lake limebebeshwa kitendo hicho kama vile alikuwa kibaka. Hakuvunja sheria. Mwaka 2022 Marylebone walikihamisha kifungu hicho kutoka katika mchezo usio wa haki wakakiweka penye kutolewa kwa kukimbia, Sheria ya 38, ili kusema wazi kwamba anayetafuta faida ni yule aliyeondoka mstarini.

Ukiwa mpigaji mwenza, gongo lako libaki nyuma ya mstari hadi mpira utoke mkononi. Basi. Hutahitaji kujadili maadili ya mtu.

Ukiwa mrushaji, sheria haikudai onyo. Mimi, kwenye ligi ya klabu, humwonya mtu mara moja, kwa sauti ambayo mwamuzi anaisikia, kwa sababu nusu ya wachezaji wetu walijifunza mchezo kwa kuangalia na hawajawahi kukiona kitabu. Nikimwonya akarudia, namtoa na silali macho. Ukichagua kumtoa bila onyo, uko sahihi kisheria. Dai kwa utulivu, usishangilie. Nahodha wako ana haki ya kuliondoa dai hilo mwamuzi akikubali, kabla mpigaji hajatoka nje ya uwanja. Akiliondoa, usimnunie.

Watu hudhani ugomvi wa namna hii ni wa washamba wa ligi ndogo. Julai 2, 2023, Lord's, nyumbani kwa hao hao wanaoandika sheria, Jonny Bairstow wa England aliondoka mstarini akidhani mpira umekufa, na Alex Carey wa Australia akamwangushia vijiti. Alitoka kihalali. Wakati wa mapumziko Waaustralia walipokuwa wakipita ndani ya jengo la klabu, wanachama waliovaa tai waliwazomea na kuwatolea maneno. Klabu iliomba radhi na kuwasimamisha wanachama watatu. Wazee wa tai, si vijana wa mtaani.

Nahodha

Sheria ya kwanza kabisa inamfanya nahodha awe na dhamana ya mwenendo wa timu yake wakati wote. Wengi wanadhani kazi yake ni kupanga wadakaji.

Ukiwa nahodha, fika mapema ukubaliane na mwenzako mambo yanayozaa kelele: mpaka uko wapi pale penye mti au mtaro, waidi inahesabiwa vipi, mapumziko ya maji saa ngapi, nani anavaa koti na kwa ova ngapi. Andikeni kwenye daftari la alama. Nimeona mechi ikisimama dakika arobaini kwa sababu ya tawi la mwembe lililogusa mpira, na hakuna aliyeliona tawi hilo asubuhi.

Mchezaji wako akianza kupandisha, mwendee wewe kabla ya mwamuzi. Mhamishie mbali, mpakani, akakimbize mipira. Usimpe mpira mkali mtu aliyetoka kugombana, atarusha kichwani. Na kama una kijana mwenye kipaji anayemtukana kila mwamuzi, mpumzishe mechi moja mapema katika msimu. Mimi niliwahi kuogopa kufanya hivyo na kijana mmoja kwa sababu alikuwa anatushindia mechi. Kufikia mwezi wa tatu wa msimu, klabu mbili zilikuwa zinatafuta visingizio vya kutocheza nasi, na waamuzi wetu wenyewe walikuwa wanaugua kila Jumamosi usiku. Kosa lilikuwa langu kuliko lake.

Jambo moja usilifanye kamwe: kuiondoa timu uwanjani. Agosti 20, 2006, uwanja wa The Oval, London, waamuzi Darrell Hair na Billy Doctrove waliiadhibu Pakistan mikimbio 5 wakidai mpira umechezewa. Nahodha Inzamam-ul-Haq na wenzake walikasirika, na baada ya chai hawakutoka chumbani kwa wakati. England walipewa mechi. Wiki chache baadaye kikao cha nidhamu kilimsafisha Inzamam kuhusu mpira, lakini kikamfungia mechi 4 za siku moja kwa kuudhalilisha mchezo. Haki ilikuwa njiani inamjia, naye akajitengenezea kosa la pili.

Kwa hiyo, ukidhulumiwa, cheza hadi ova ya mwisho. Halafu andika. Ripoti nzuri ina tarehe, ova ya ngapi, nani alisema nini kwa maneno yaleyale, nani mwingine alisikia, na mwamuzi alifanya nini. Haina "kama kawaida yao". Ipeleke kwa katibu wa klabu yako usiku uleule, si kwenye kundi la simu la ligi ambako watu mia mbili watakuwa wameshaamua kabla ya saa tatu. Mimi huiandika, nalala, naisoma asubuhi, nafuta vivumishi, ndipo naituma.

Baada ya mpira wa mwisho, shikaneni mikono na wote, waamuzi kwanza, na mwandishi wa alama ambaye kila mtu humsahau. Kaeni mnywe chai. Kama kuna bhajia, wageni watangulie.

Na Jumapili ijayo, ukifika uwanjani, uliza nani anavaa koti ova kumi za kwanza. Kukiwa kimya, livae wewe.